Garth Blenkin amtafuta mdogo wake kabla bahari haijamfikia

Saa moja asubuhi, kabla hata ya kufungua banda la zana, Garth Blenkin anatembea hadi ukingoni. Anasimama mbali kidogo na pale udongo unapoishia, anachomeka koleo ardhini, anasikiliza. Kisha anapiga magoti na kupapasa nyasi kwa viganja, akitafuta ufa mpya.

Leo hakuna. Anashusha pumzi, anajifuta matope kwenye suruali, anarudi kazini.

Garth, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, ndiye mchimba makaburi wa kanisa la Ulsby, kijiji kilichopo pwani ya Holderness, mashariki mwa Uingereza. Hukata nyasi, husafisha mifereji, hupiga kengele mpigaji anapougua, na huwazika watu. Kwa miezi kadhaa sasa, kazi yake kubwa ni kinyume cha hiyo. Anawatoa.

Mwanzoni mwa mwaka jana bahari ilikuwa imebakiza mita kumi na moja kufika ukuta wa makaburi. Pwani hii ni ya udongo mtupu, haina mwamba. Kila mwaka maji hula kama mita mbili. Mwaka jana yalikula sita.

“Watu wa mjini wakija huniuliza kama sauti ya mawimbi inanipa usingizi mzuri,” anasema. “Nawaambia, njooni mlale nyinyi.”

Ulsby aliyokulia Garth haipo tena. Mbele ya kanisa palikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara shule ya msingi yenye madirisha marefu. Kando ya shule kulikuwa na kichochoro, halafu duka la kina Cammish lililouza makaa ya mawe, mafuta ya taa, nyama ya nguruwe ya chumvi na peremende. Nyuma yake kulikuwa na safu za viazi, kisha shamba la ng'ombe, ndipo ukafika baharini. Vyote hivyo sasa ni hewa. Ukisimama mlangoni pa kanisa na kutazama mashariki, unaona kijivu cha maji tu.

“Nilijifunza kusoma pale,” anasema, akinyoosha kidole kwenye anga ambako shakwe wawili wanazunguka. “Pale pale juu ya huyo ndege.”

Aprili mwaka huu, halmashauri na dayosisi ziliamua kwamba makaburi yote yahamishiwe kwenye eneo jipya, bara, kwenye barabara ya kwenda Hull. Yenye mawe na majina yangeanza. Baba yake Garth alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Jioni ya siku alipomhamisha baba yake, Garth alikwenda kumwona mama yake. Avis Blenkin ana miaka themanini na tisa na anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kumbukumbu zake zimeanza kuchanika. Kuna siku anamjua mwanawe, kuna siku anamwita kwa jina la mumewe. Siku ile alimjua.

Garth alimweleza taratibu kwamba kazi imekwenda vizuri, na kwamba baba amelala mahali penye upepo mdogo.

“Na mdogo wako?” mama aliuliza.

“Mdogo wangu yupi, Mama?”

“Usinifanye mjinga, Garth. Umemwacha mdogo wako peke yake kule?”

Garth alikuwa amekua akijua ni mtoto wa pekee. Alidhani ni ugonjwa unaosema. Lakini mama alimshika mkono na hakuuachia, na maneno yakatoka kwa mpangilio ambao hakuwa ameusikia kwa miezi.

Mtoto alizaliwa amekufa, majira ya baridi, Garth akiwa na miaka sita. Wakati huo watoto kama hao hawakupewa jina wala jiwe. Mkunga alimfunga kwenye taulo na kumtoa chumbani kabla mama hajamwona uso. Baba alimbeba, akampeleka kwa mchimba makaburi wa zamani, wakamzika upande wa kaskazini wa kanisa, ule usiopata jua. Aliporudi nyumbani alisema, “Basi, yameisha,” na hakulizungumzia tena mpaka alipokufa.

Mchimba makaburi yule alikuwa na huruma. Siku moja alimnong'oneza Avis mahali. Tangu hapo mama alikuwa akienda kila alipoweza, akijifanya anakwenda dukani.

“Nilihisi kama mtu amenimwagia maji,” anasema Garth. “Miaka ishirini na minane nimekata zile nyasi. Nimemkanyaga mdogo wangu mara ngapi?”

Upande wa kaskazini una watoto wengi wa aina hiyo, na hakuna alama hata moja. Kufukua eneo zima kulihitaji kibali kingine na wataalamu zaidi, na makisio yalikuwa ni kazi ya mwaka ujao. Ukingo usingesubiri mwaka ujao. Lakini kasisi wa Ulsby, Hester Pym, alimwambia kwamba kwa kaburi moja linalojulikana mahali pake, angeweza kuomba kibali cha haraka.

“Tatizo ni hilo neno, linalojulikana,” anasema kasisi Hester. “Aliyejua alikuwa mmoja tu.”

Mwezi Mei, siku ya jua, Garth alimleta mama yake kanisani kwa kiti cha magurudumu. Alimfunika blanketi miguuni, akamsukuma kuzunguka mnara hadi upande wa kaskazini. Avis alitazama mbele. Uso wake ukabadilika.

“Shule iko wapi?”

“Imekwenda, Mama. Zamani.”

“Imekwenda wapi? Nani ameichukua?” Alivuta blanketi hadi kifuani. “Umenileta pasipo penyewe! Hapa sipo! Nirudishe, sipajui hapa!”

Garth anasema alitaka kugeuza kiti na kukimbia naye. Badala yake alipiga magoti, akamzibia ile bahari kwa mwili wake, akamwomba afumbe macho.

“Nikamwambia, Mama, shule ipo. Duka lipo. Mama yake Glenys, mwenye duka, yuko mlangoni anakusengenya. Umesimama kwa mtoto. Unaona nini?”

Kwa macho yaliyofumbwa, Avis alisema mambo mawili. La kwanza, akisimama pale alikuwa akiiona bahari katikati ya ukuta wa shule na ukuta wa duka, kipande chembamba kama utepe. La pili, mama mkwe wake, aliyekuwa na nyumba magharibi ya kanisa, hakuweza kumwona kutoka dirisha la jikoni, kwa sababu mnara ulimkinga.

“Yule bibi alikuwa na macho,” alisema, na akacheka. “Ukipiga chafya Ulsby, anajua umelala bila soksi. Lakini pale hakunipata hata siku moja.”

Kisha akafumbua macho, akauliza kama chai iko tayari.

Nyumba ya mama mkwe bado ipo. Siku hizi inapangishwa kwa watalii. Garth aliomba aingie jikoni, akasimama dirishani, na kuona ni sehemu gani ya upande wa kaskazini inafichwa na mnara. Lakini kile kichochoro cha kati ya shule na duka kilikuwa kimeshaanguka baharini. Ndipo alipomwendea Glenys Cammish.

Glenys, binti wa lile duka, alisoma darasa moja na Garth na hajawahi kumwacha apumzike.

“Wewe utakumbuka nini?” alimwambia Garth alipoanza kuchora kwenye karatasi. “Ulikuwa huoni hata ubao. Kichochoro hakikuwa huko. Umeliweka duka letu katikati ya shamba la viazi.”

“Basi chora wewe.”

“Sichori. Twende.”

Wakasimama mlangoni pa kanisa. Glenys akamkumbusha Jumapili za utotoni: watoto walipofunguliwa, walitoka mbio, wakashuka njia ya mawe, wakapita lango la mashariki na kuvuka barabara bila kupinda, moja kwa moja mpaka mlango wa duka. Njia ile ya mawe ingalipo. Ukiufuata mstari wake, unajua mlango ulikuwa wapi, hata kama mlango wenyewe uko chini ya maji.

“Na kichochoro?” Garth aliuliza.

“Upana wa lori la makaa. Lilikuwa likipita linakwaruza ukuta wetu, na Baba anatoka na matusi. Lilikuwa halina nafasi ya kupita na paka.”

Ni hapo, anasema Garth, alipokumbuka siku moja. Alikuwa na miaka sita, amekalishwa kwenye kiti kirefu dukani, na mama yake Glenys, ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu bure, alimjazia mfuko mzima wa peremende. Aliangalia nje. Akamwona baba yake anaingia lango la kanisa na kitu chini ya koti, na alipoingia tu akashika kulia.

“Nilidhani ameficha zawadi yangu,” anasema. “Nilisubiri siku nyingi anipe.”

Kulia kwa anayeingia ndiko kaskazini. Yeye na Glenys walifunga kamba kutoka hapa na pale, wakabishana, wakafungua, wakafunga tena. Mwishowe walibaki na kipande cha nyasi kisichozidi ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Kasisi Hester alipeleka maombi wiki ileile.

Kibali hakikuja. Juni ikapita, Julai, Agosti. Garth aliacha kulala vizuri. Alianza kuamka kusikiliza upepo, akivaa viatu, akivua. Mkewe, Lorna, anasema ilibidi afiche funguo za gari.

“Angemchimba kwa mikono,” anasema Lorna. “Kisha wangemfunga, na Mama asingekuwa na wa kumtembelea.”

Garth hakatai. “Koleo nilikuwa nalo. Mahali nilipajua. Kilichonizuia ni kuwaza wale watoto wengine. Nikikosea, nikamtoa mtoto wa mtu mwingine bila heshima, nitamwambia nini mama yake?”

Katikati ya Septemba upepo wa kaskazini mashariki ulivuma siku mbili mfululizo. Asubuhi ya pili, lango la mashariki lilikuwa limekwenda, pamoja na kona ya ukuta. Kipande chao cha nyasi kilikuwa bado kipo, lakini ufa ulikuwa umefunguka karibu yake, mpana wa kuingiza kiganja. Garth aliufunika kwa turubai ili mvua isiingie, akakaa juu ya ndoo akiulinda, kana kwamba mtu mmoja angeweza kuuzuia usitanuke.

Kibali kilifika siku nne baadaye.

Walichimba Jumatano: Garth na mtaalamu wa mabaki aliyetumwa na dayosisi, mwanamke mpole aliyefanya kazi kwa mwiko mdogo na brashi. Glenys alisimama kando na chupa ya chai. Walipata ubao uliooza, na ndani yake mifupa midogo. Mtaalamu alisema kwa upole kwamba ni mtoto mchanga, lakini hawezi kuthibitisha ni wa nani.

Halafu brashi yake ikagonga kitu cha shaba. Kilikuwa kishikio cha droo, cha mviringo, chenye ua lililochongwa.

Garth aliketi chini kwenye matope.

Jikoni kwake lipo kabati la vyombo alilorithi kwa wazazi wake. Lina droo tatu na nafasi tupu ya nne. Vishikio vyake ni vya shaba, vya mviringo, na kila kimoja kina ua. Maisha yake yote aliambiwa droo ya nne ilivunjika.

Baba yake, kibarua wa shamba, hakuwa na jeneza, wala nyumbani hapakuwa na mbao. Alichomoa droo.

Jioni hiyo Garth alimpelekea mama yake kishikio. Avis alikigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu.

“Droo ya juu,” alisema. “Alitupa vitambaa vyangu vyote kitandani. Nilimgombeza. Nilimgombeza mwezi mzima, Garth, naye hakunijibu neno.”

Alilia kidogo. Kisha akauliza kama mtoto alikuwa amefunikwa. Garth alimwambia ndiyo. Avis akasema jina la mtoto ni Rowland, na kwamba hajawahi kumtajia mtu.

Kesho yake alikuwa amesahau kila kitu, na Garth ilibidi aanze upya. Tangu wakati huo amemsimulia mara nyingi. Kila mara ni habari mpya, na kila mara Garth hajui atapokea machozi au kicheko.

Wasiwasi wake haujaisha. Ufa umepanuka. Upande wa kaskazini bado una watoto wasiojulikana idadi, na tangu habari zisambae, wanawake watatu wazee wamempigia simu, mmoja kutoka Kanada, kila mmoja na kipande chake cha kumbukumbu: mti fulani, kivuli fulani, bomba la maji. Yeye na Glenys wameanza kwenda tena ukingoni kubishana. Kasisi Hester ameomba vibali vingine, na safari hii ameomba vya wote kwa pamoja.

Rowland Blenkin atazikwa Jumamosi, kando ya baba yake. Garth ametengeneza sanduku mwenyewe, la mwaloni. Daktari wa nyumba ya wazee hapendi Avis atoke na baridi hii, lakini gari limeshaagizwa, na Lorna ameshaweka tayari mablanketi na koti zito.

“Huenda siku hiyo hatanijua,” anasema Garth. “Huenda ataniita kwa jina la baba yangu. Sawa. Ataniona nimembeba, na atamwona ninapomweka. Safari hii hatabaki kitandani akisubiri kuambiwa yameisha.”