Machicha Mbele ya Lango la Baolin

Cuifeng hakuwa mtu wa kuamini maneno ya muuzaji, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa muuzaji. Katika soko la mitishamba la Bozhou, huko China, alianza na gunia moja la maganda ya machungwa, amelitandika chini kwenye saruji, na leo ana kibanda chenye mlango wa chuma na wateja wanaotoka mikoa ya mbali. Mzigo ukifika, huung'ata, huunusa, huutumbukiza majini. Mwenye mzigo akianza kuapa, humwambia, "Kaka, nyamaza kidogo, naongea na gunia."

Ndiyo maana habari ya mdogo wake Baolin ilimkosesha usingizi. Baolin alipika pombe kali ya mtama kama baba yao alivyopika, na kazi ya kuonja hakumwachia mtu. Majira ya kuchipua macho yake yakageuka manjano na tumbo likaanza kujaa. Hospitali walimwambia ini limeanza kuwa gumu, aache pombe. Tabibu Ouyang, aliyewatibu tangu baba yao yu hai, akamshika mapigo mikono yote miwili, akautazama ulimi, akasema yale yale ya hospitali. Kisha akamwandikia maua ya gehua na mbegu za zhiju, dawa za kale za kukata ulevi, na majani na mizizi mingine ya kulisaidia ini. Vyote vilitoka kibandani kwa Cuifeng, amevipima kwa mkono wake.

Sasa majira ya joto yalikuwa yanaisha, na macho ya Baolin yalikuwa manjano kuliko mwanzo.

"Dawa unakunywa?" alimuuliza.

"Kila siku, Dada. Sijaruka."

"Na pombe?"

"Nimeacha. Kazini naonja kwa ncha ya ulimi, natema."

Cuifeng alimtazama usoni kama anavyowatazama wakulima wanaolowesha mizizi ili izidi uzito. Hakuona uongo. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Kama mtu hadanganyi, basi kosa liko kwenye mitishamba, na mitishamba ni yake.

Alirudi kibandani akafungua magunia. Zipo mbegu za bei rahisi zinazofanana sana na zhiju, na walaghai huzichanganya. Akang'ata moja, akang'ata nyingine kutoka chini kabisa: ngumu, rangi ya kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Zenyewe. Maua ya gehua akayatia kwenye maji ya moto, yakafunguka na zambarau yake. Yenyewe.

Akamwendea tabibu.

"Mzee Ouyang, mzigo wangu ni safi. Labda wewe ndiye umekosea."

"Huenda," tabibu alisema, bila kuacha kumenya karanga zake. "Umeliuliza gunia, umeniuliza mimi. Chungu cha kuchemshia umekiuliza?"

Cuifeng alikwenda moja kwa moja kwa Baolin, akasimama ghafla nje ya lango. Kwao, dawa ikishachemshwa, machicha humwagwa barabarani mbele ya nyumba, wapita njia wayakanyage na kuondoka na ugonjwa. Mbele ya lango la jirani, bibi mwenye kikohozi, machicha yalikuwa yametapakaa, hata paka anayaruka. Mbele ya lango la Baolin palikuwa safi kama sahani.

Ndani, Sulian, mke wa Baolin, alikuwa anakanda unga wa mikate ya mvuke.

"Wifi, machicha unamwaga wapi?"

"Machicha gani?"

"Ya dawa ya mumeo."

Sulian alijifuta unga mikononi. "Mimi sichemshi. Alisema harufu itanisumbua, atashughulika mwenyewe kule kiwandani. Nikashangaa. Tangu anioe hajawahi kuionea huruma pua yangu."

Kiwanda kilikuwa nyuma ya nyumba. Baolin hakuficha kitu, bali alimpeleka dada yake kwenye rafu kwa fahari. Palikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, umefungwa kitambaa chekundu mdomoni. Ndani, maua ya gehua na mbegu za zhiju zilikuwa zimelala kwenye pombe iliyogeuka rangi ya chai.

"Baba si alikuwa analoweka mizizi kwenye pombe kwa ajili ya magoti?" Baolin alisema. "Pombe inavuta nguvu ya dawa kuliko maji. Nakunywa kikombe baada ya kula."

"Baba alikuwa na magoti mabovu. Wewe una ini bovu. Kikombe kipi?"

Baolin akaonyesha. Kilikuwa kikombe kikubwa cha chai, kile chenye mfuniko.

"Usinikodolee macho, Dada. Humo mna zhiju. Hadithi ya seremala unaijua: kipande cha mti wa zhiju kilidondokea mtungini, pombe yote ikawa maji. Kwa hiyo hapa nakunywa maji yenye dawa. Nimekwambia pombe nimeacha, na nimeacha."

Cuifeng aliuinamia mtungi. Matusi alikuwa nayo ya kutosha, ila yalizuiwa na udadisi. Hadithi ile aliisikia kila siku sokoni, nayo ilimsaidia kuuza. Hakuna aliyewahi kuijaribu.

"Ukitaka kujua kama pombe imetiwa maji, unafanyaje?"

"Naiwasha."

"Haya, washa."

Baolin alichota kidogo kwenye kisahani, akapiga kiberiti. Moto wa buluu ulisimama wima, umetulia, ukalamba ua la gehua likajikunja na kuwa jeusi. Wote wawili waliinama kuutazama mpaka kisahani kikabaki na unyevu tu.

"Labda mbegu zako ni za bandia," Baolin alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Mbegu nimezing'ata. Hadithi ndiyo hatukuing'ata, mimi wala wewe."

Baolin aliketi juu ya gunia la mtama. "Na nani ataonja? Mpika pombe asiyeonja ni mpika uji."

"Mkeo. Si ulimwambia mwenyewe kuwa ana pua ya kusumbuliwa na harufu? Ataonja, atatema."

"Mwanamke aonje pombe ya ukoo wetu?"

"Ataonja akiwa mke wako au akiwa mjane wako. Hapo tu ndipo unapochagua, na sipunguzi."

Baolin alijaribu kuomba abaki na kikombe kimoja cha sikukuu. Cuifeng akainuka kama anavyoinuka mteja anayekwenda kibanda cha pili, na mdogo wake, aliyekulia sokoni, alijua maana yake.

Baolin alilazwa hospitali, maana aliyeizoea pombe hivyo haachishwi nyumbani. Alitetemeka, akatoka jasho, akamtukana dada yake mbele ya wauguzi. Aliporudi, chungu kilikuwa kwa Sulian.

Baridi ilipoanza, Cuifeng alipita langoni asubuhi akielekea sokoni. Machicha yalikuwa barabarani, bado yanatoa mvuke. Akatazama huku na huku, akachuchumaa, akanusa: maji matupu, pombe hamna. Akang'ata mbegu: imelainika kwa kuchemshwa. Tabibu alikuwa amesema tumbo limepungua, mengine yangoje.

Akatema mbegu, akayakanyaga yale machicha kwa miguu yote miwili, taratibu, kama anayekanyaga kabichi za kutia chumvi, kisha akaenda kufungua kibanda.