Sauti ya Mchumba Wangu Imo Kwenye Muvi Niliyoiunga

Admin, nifichie jina. Mimi ni dada wa miaka 26, niko eneo la Mpemba, hapa Tunduma mpakani. Kazi yangu ni kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Nimechumbiwa na dereva wa lori, ameshajitambulisha nyumbani kwetu Mbozi.

Kuna muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ziko nyingi na zinarukaruka, iliyotoka kwanza siyo mwanzo wa hadithi. Nikazikata na kuziunga upya, kila tukio likae pale lilipotokea. Wateja walizipenda mno, hata wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka kuzifuata. Sehemu moja watu wamefungiwa kwenye chumba cha chuma, sauti ilikuwa imeharibika. Mchumba wangu alikuwa ameniachia diski yake iliyojaa muvi, na mimi kwa pupa zangu nikakopi vyote vilivyomo. Humo nikakuta kipande cha giza tupu, watu wanalia na kugonga bati. Nikajua ni muvi. Nikakipachika kile kilio pale, nikajisifu kweli.

Juzi bodaboda mmoja, mteja wangu, akaja anacheka. "Dada, kumbe shemeji naye yumo kwenye muvi? Nimemsikia kwenye spika kubwa anasema tulieni wanangu!"

Hilo ndilo neno lake, hata mimi nikinuna hunibembeleza nalo. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza kipande chote. Ni yeye. "Tulieni wanangu, tukivuka geti la mpaka nawafungulia." Kuna mtoto anakohoa, anakohoa, halafu hasikiki tena. Mlango wa lori sikuusikia ukifunguliwa.

Nikaangalia tarehe ya kile kipande. Jamani, ni siku ileile aliyokuja kujitambulisha. Baba alimchinjia jogoo, akala vizuri, akaongezewa na mchuzi. Alitoka huko, akaja kwetu.

Flashi zimeshasambaa, siwezi kuzirudisha. Polisi naogopa wataniunganisha naye. Kukimbilia nyumbani naogopa, anapajua.

Leo asubuhi amenipigia akiwa Zambia, kwa upole kabisa. "Mama, nasikia umetengeneza muvi, mpaka huku wanaisifia. Usimpe mtu mwingine. Kesho navuka, tuiangalie wawili."

Nikamjibu, "Sawa baba, karibu." Hata sijui kwa nini nilimkaribisha.

Nishaurini jamani, kesho akivuka anikute wapi?