Sikio la Fundi

Fundi kompyuta yule wa Bukhara hakuamini kioo cha kompyuta, aliamini sikio. Zulhumor, mwenye studio ya video za harusi, alizoea kumwona akikataa chai kwanza, akifuta vidole kimoja kimoja, kisha akigusisha ncha ya bisibisi kwenye kila diski na mpini wake sikioni, macho kayafumba. "Mgonjwa hujisema mwenyewe, binti yangu," ndiyo kauli yake. Safari hii diski zilikuwa nne, na harusi za msimu mzima zimo humo. Zilibebana: moja ikifa, tatu zinatosha; lakini ukichomoa nzima ukaacha mbovu, harusi zote zimepotea. Ile mbovu ilikuwa ikigonga kwa nguvu hata Zulhumor aliisikia tangu mlangoni. Fundi akasikiliza zote, akarudia tena, halafu akaishika diski nzima iliyo jirani na ile mbovu, aanze kuivuta.

"Siyo hiyo, fundi!" Ukelele ulimtoka Zulhumor kabla hajafikiri.

Mkono wa fundi ukaganda. "Kwani wewe unaisikia?"

"Naisikia."

Uso ukamwiva fundi mpaka shingoni. Zulhumor naye akatazama chini, kama aliyemfungulia mzee wa watu mlango wa bafu akiwa anaoga. Kugonga kule kwa diski kukaendelea, tak, tak.

"Nioneshe kwa kidole," fundi akasema mwishowe. "Na mke wangu usimwambie. Anadhani huwa nampuuza tu."