Mwalimu Hewa Yupo Darasa la Tano

Kengele ya kipindi cha pili haijamaliza kulia, na madawati ya darasa la tano tayari yamesukumwa ukutani. Wanafunzi sitini na wanane wamesimama katikati ya chumba, bega kwa bega, wamebanana kweli kweli. Mbele yao amesimama mwanamke mfupi mwenye kipande cha chaki juu ya sikio, pale ambapo fundi seremala angeweka penseli.

"Sasa nyie ni nini?" anauliza.

"Barafu!"

"Barafu inacheka?"

Kicheko kinakatika, isipokuwa cha msichana mmoja wa katikati ambaye akianza kucheka huwa hana breki. Mwalimu anatangaza kwamba jua limewaka. Watoto wanaanza kutikisika pale pale walipo, kisha wanaachana kidogo na kupita katikati ya wenzao, bila kuvuka duara alilolichora sakafuni. Wamekuwa maji. Anafungua mlango na kusema maji yamechemka, na darasa zima linamwagika uani, kila mtu na njia yake.

Mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili anatoa kichwa dirishani. "Mwenzangu, mvuke wako umeniingilia kwenye somo la sehemu," analalamika, ila uso wake unamsaliti.

Kuurudisha mvuke ndani si kazi ndogo. Wawili wanakutwa bombani wakinywa maji, wanajitetea kwamba wao walishafika mawinguni na sasa ni mvua. Mwalimu anaikubali hoja, lakini anawakumbusha kwamba hata mvua hunyesha chini, na chini ni darasani.

Shuleni hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa watoto, kwa wazazi, hata kwa mlinzi wa getini, yeye ni Mwalimu Hewa. Jina hilo alipewa kwa mapenzi, na muhula uliopita nusura limfukuzishe kazi.

Ni mwalimu wa muda. Mkataba wake huhuishwa kila muhula, na amekuwa akiuhuisha kwa miaka sita sasa. Shule haina maabara wala kabati la vifaa. Maabara yake ni ndoo ya plastiki yenye chupa, mishumaa, sindano za hospitali zisizo na ncha, vipande vya mpira na beseni lenye ufa uliozibwa kwa kiraka cha tyubu.

Kiraka ni kazi ya mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na nyumbani. Pampu mbovu, vali, tyubu zilizochoka, vyote humalizia maisha yao darasa la tano. "Mimi naziba hewa isitoke, yeye anawaeleza watoto ilivyotoka," anasema fundi huku akikandamiza tyubu majini kutafuta tundu. "Ndoa yetu ni ya hewa tupu, lakini imetulelea watoto watatu."

Yeye mwenyewe, anasema mwalimu, hakufundishwa hivi. "Mimi sayansi niliinakili tu. Nilichora bilauri kwenye daftari mpaka nikawa fundi wa kuchora bilauri. Kuishika sasa, na kuitia maji nione, hapana. Mtihani nilifaulu. Ila ukiniuliza kwa nini, nakuchorea bilauri nyingine."

Alipoanza kazi naye alikuwa akiandika ubaoni, watoto wakinakili. Kilichombadilisha ni somo la hewa. Aliingia na chupa tupu, akauliza ndani yake mna nini. Wote wakajibu hamna kitu. Akawaambia wamekosea, mna hewa. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma akasimama kwa adabu zote na kuuliza kama si jambo lile lile, maana hewa ndiyo hamna. Wakubwa nyumbani husema ahadi hewa, risiti hewa, wafanyakazi hewa.

"Kiswahili chenyewe kilikuwa upande wake," anakumbuka, akicheka.

Siku iliyofuata alirudi na ndoo. Kwa muda wa wiki mbili hakufundisha kingine. Watoto walisukuma sindano zilizozibwa mdomo wakahisi kitu kikiwasukuma nao. Walimimina maji kupitia mrija kwenye chupa iliyozibwa vizuri kandokando ya mrija huo, maji yakagoma kuingia. Kila jaribio lilikuwa na utaratibu ambao leo unajulikana shule nzima kama kuhama. Kabla hajagusa kitu, mwalimu huuliza kitatokea nini. Wanaosema ndiyo husimama upande wa dirisha, wanaosema hapana upande wa mlango, na hakuna ruhusa ya kubaki katikati. Jaribio likiisha, aliyeshawishika anahama, tena anasema kwa sauti kilichomhamisha. Waliopatia nao hawaachwi hivi hivi. Wanaulizwa walijuaje, na wengi hapo ndipo hugundua kwamba walibahatisha.

"Mtoto akiogopa kukosea, sayansi imekufa," anasema. "Kwangu kuhama si aibu. Aibu ni kung'ang'ania dirishani wakati umeona kwa macho yako."

Kufikia mwisho wa wiki hizo mbili alikuwa ameshakuwa Mwalimu Hewa, na jina likamganda.

Kisa chenyewe, kile cha kunusurika kufukuzwa, kilianza kwa nia njema. Muhula uliopita zilivuma habari kwamba ofisi ya elimu inataka kupunguza walimu wa muda. Habari zilimfikia bibi mmoja muuza mkaa, mlezi wa yule msichana asiye na breki. Bibi huyo anampenda mwalimu kwa sababu zake. Mjukuu aliyekuwa akitoroka shule sasa haumwi tumbo tena asubuhi, na juzi alikataa kulala mpaka aelezwe moshi wa mkaa huishia wapi. Bibi alijitanda khanga yake nzuri akaenda ofisini kumtetea.

"Nikamwambia karani, nimekuja kwa habari ya mwalimu hewa wa darasa la tano," anasimulia. "Yule kijana akainuka, akafunga mlango, akaniletea kiti. Nikasema moyoni, kumbe wanamheshimu kiasi hiki."

Karani aliuliza kama mwalimu hewa huyo anafahamika shuleni. Bibi akamhakikishia kwamba anafahamika sana, mkuu wa shule anamjua, wazazi wote wanamjua na hakuna anayetaka aondoke. Karani aliandika bila kupumzika. Kabla ya kuaga, bibi alitia muhuri: wamkate mwalimu mwingine yeyote, lakini mwalimu hewa asiguswe.

Ofisini mwalimu hewa ana maana moja tu, jina linalopokea mshahara bila mtu nyuma yake. Haijapata kutokea raia akaja kumwombea. Wiki haikuisha, mkuu wa shule akapokea maagizo kwamba walimu wote wa muda waache kufundisha hadi wahakikiwe, na ambaye kuwepo kwake kutatiliwa shaka, mkataba wake ufe.

"Nilikwenda kuzima moto, kumbe ndoo niliyobeba ina mafuta ya taa," anasema bibi, na hapo hacheki.

Mwalimu alishinda kibandani kwa mumewe akijaza tairi za watu. Fundi anasema mkewe alikuwa akipiga pampu kimya, naye akajua hali si nzuri, kwa sababu kimya si kawaida yake. Alijaribu kumtania kwamba amepata msaidizi mwenye elimu kubwa. Mama watoto akavuta tairi nyingine.

Afisa wa uhakiki alifika shuleni bila taarifa, akaingia moja kwa moja darasa la tano. Mkuu wa shule, aliyekuwa nyuma yake, anasema alitamani ardhi ipasuke. Afisa aliwauliza watoto kama wanamfahamu mwalimu hewa.

"Tunamfahamu!"

"Mmewahi kumwona?"

Darasa lilimtazama kwa mshangao. Msichana asiye na breki akajibu kwa niaba ya wote kwamba wao wanamwona kila siku, isipokuwa sasa, kwa kuwa amesimamishwa. Akaongeza kwamba kama mgeni anamtafuta, yuko kwa fundi baiskeli.

Aliitwa. Alikuja mbio, mikono ina grisi. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alieleza kilichomleta, akasema vyeti ataviona baadaye, kwanza amwone akifundisha. Mwalimu aliinyanyua ndoo yake, akabandika karatasi kavu ndani ya kitako cha bilauri, akauliza swali alilokuwa akiliuliza miaka yote: nikiizamisha kichwa chini kwenye beseni la maji, karatasi itabaki kavu?

Watoto wakagawanyika. Wengi walikwenda dirishani, kwamba haitalowa. Afisa alikuwa bado amesimama katikati. Mtoto mmoja akamweleza, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni, kwamba katikati hapakaliwi. Akatabasamu, akaenda mlangoni na wachache wanaosema italowa.

Mwalimu alizamisha bilauri, lakini vidole vyenye grisi viliteleza. Bilauri ikalala upande, maji yakabubujika, na karatasi ikatoka imelowa chapachapa.

"Nilijua nimekwisha," anasema. "Miaka sita haijawahi kunigomea, ikachagua siku ile."

Angeweza kubadili karatasi na kujifanya alikuwa anaonyesha tu. Badala yake, na bado anashangaa alipata wapi ujasiri, alifanya alivyozoea. Aliwageukia wa mlangoni, akawapongeza kwa kupatia, akauliza walijuaje. Afisa naye alikuwa mlangoni. Akakiri kwamba yeye aliona tu maji ni maji, huingia popote.

Msichana asiye na breki akanyoosha mkono. Alisema ameona mapovu. Bilauri ilipolala, mapovu makubwa yalipanda juu, ndipo maji yakaingia. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani, kimetoka, kikayapisha maji. "Kama kungekuwa hamna kitu, kilichotoka ni nini?" akauliza.

Afisa akakunja mikono ya shati, akaomba bilauri, karatasi nyingine na nafasi. Aliizamisha wima mpaka chini, akaitoa, akaipapasa karatasi kwa kidole mara mbili. Ilikuwa kavu. Bila kuambiwa na mtu, akavuka chumba akaenda kusimama dirishani, na darasa likapiga makofi ambayo mwalimu wa hesabu anasema yalimfutia mfano ubaoni.

Mkataba ulihuishwa. Katika taarifa yake, mkuu wa shule anasema, afisa alithibitisha kwamba mwalimu hewa yupo, halafu ikabidi aongeze aya nzima kuifafanua sentensi hiyo. Mwalimu alishauriwa abadilishe jina la utani. Watoto walitii tangu asubuhi mpaka mapumziko.

Afisa pia alimtia moyo aombe ajira ya kudumu, na ameomba. Majibu hayajatoka. Nilipomuuliza kitu gani kitabadilika akiipata, nilitarajia ataje mshahara, au maabara. Aliifuta bilauri kwa upindo wa gauni.

Alisema kila shule inapofungwa huwa anaita watoto mmoja mmoja na kumuaga kila mmoja, kwa sababu hajui kama muhula ujao atakuwa bado mwalimu wao. Watoto wanadhani ni tabia yake tu.

"Natamani siku moja kengele ya kufunga shule ilie," anasema, "nichukue ndoo yangu, nitoke bila kuaga mtu."