Swali la Mwisho la Waziri wa Afya

Siku hiyo mkalimani wa bungeni alipata habari kutoka kwa mama yake akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Mama hakuwa akisikia tangu utotoni, na habari zake zote alizitoa kwa mikono, upesi upesi, kama mtu anayekung'uta unga. Alisema leo bungeni kuna swali lake. Ni la mwisho kwa Waziri wa Afya. Alilipeleka mwenyewe kwa mbunge wao, na leo anataka kumwona waziri akilijibu.

"Ulikwenda na nani?" mkalimani akauliza, naye kwa mikono.

Mama akainama chini ya cherehani kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Swali lenyewe alilitoa bila kusita: hospitali za serikali zitapata lini wakalimani wa lugha ya alama? Ila kila alipoulizwa nani alimtafsiria kwa mbunge, na kwa nini hakumchukua binti yake ambaye kazi yake ndiyo hiyo, tena ya kulipwa mshahara, sindano ilipotea upya. Mkalimani akatoka nyumbani na fumbo lake. Alikuwa mtu wa kupenda kujua. Tangu mdogo alikuwa akisikia mambo ya nyumba mbili, ya wanaosema kwa mdomo na ya wanaosema kwa mikono, na hakuzoea kufungiwa mlango upande wowote.

Tuseme kweli, mlango huo hakuwahi kufungiwa. Hajaanza hata shule, yeye ndiye alikuwa mdomo wa mama yake dukani, benki, kwa mwenye nyumba, na hospitalini zaidi ya kote. Hospitali yao muuguzi huita majina kwa mdomo tu. Siku moja mama alikwenda peke yake, akakaa kwenye benchi mpaka wakabaki yeye na mfagiaji; aliitwa mapema, hakusikia, wakampita. Toka hapo binti akawa haachwi nyumbani. Alimwambia daktari mama anaumwa wapi, akamwambia mama daktari kasema nini, na alijiona mtoto wa maana sana.

Bungeni kazi yake ilikuwa kusimama kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, mbele ya kamera, amevaa nguo nyeusi ili mikono ionekane. Sauti ya ukumbi ilimjia masikioni, sura za wasemaji aliziona kwenye skrini ndogo kando ya kamera, na picha yake mwenyewe ilikaa kwenye kona ya chini ya televisheni za nchi nzima. Walikuwa wawili, yeye na mwanamke mmoja aliyemzidi umri ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Pacha, kwa kuwa alijifungua mapacha mara mbili na hakuna aliyemruhusu kusahau. Walipokezana nusu saa nusu saa, maana mikono nayo huchoka, na akili huchoka kabla ya mikono.

Kazi hiyo ina sheria zake, na mbili ndizo zinazohusu habari hii. Ya kwanza, mkalimani hasemi "waziri amesema ataangalia." Waziri akisema "nitaangalia," mkalimani naye anasema "nitaangalia." Kwa nusu saa anaweza kuwa waziri, mpinzani wa waziri, na Spika anayewanyamazisha wote wawili. Ya pili, ulichotafsiri hukukisikia. Ukitoka mlangoni unakiacha humo humo. Mama Pacha alipenda kusema kwamba yeye ametafsiri talaka, mahari na maiti, na kichwa chake ni cheupe kabisa.

Lipo jambo la tatu, ambalo si sheria ila ni raha ya viziwi wenyewe. Majina ya wakubwa ni marefu kuyaandika hewani herufi kwa herufi, kwa hiyo kila mkubwa hupewa alama yake. Waziri wa Afya alikuwa na nyusi nene ajabu, basi jina lake likawa kidole kimoja kinachopita juu ya jicho. Nchi nzima ya wasiosikia ilimjua kama Nyusi, na mwenyewe hakuwa na habari.

Na yako majibu ambayo mawaziri huyarudia mpaka yakapata alama zake fupi. Kubwa lao ni "Serikali inaendelea kulifanyia kazi." Mkalimani alilisema kwa kuzungusha mikono miwili polepole mbele ya tumbo. Mama yake alilipenda jibu hilo kupita yote. Ukimuuliza kama chakula kimeiva, anazungusha mikono. Mteja akiulizia gauni lake, anazungushiwa mikono, na ingawa mteja haelewi, huondoka akiwa ametulia.

Mama Pacha alikuwa ameshafika. Orodha ya shughuli za siku ilikuwa imebandikwa ukutani, na mkalimani akaisoma amesimama: maswali ya barabara, maswali ya maji, maswali ya afya, kisha mjadala wa muswada wa vipimo na mizani. Kipindi cha maswali ni saa moja tu. Swali ambalo halikufikiwa hujibiwa kwa maandishi, na jibu likapelekwa kwa mbunge ofisini kwake, na hapo ndipo roho ya mkalimani ilipokuwa juu. Mama yake alisoma kwa shida, lugha ya serikali hakuiweza kabisa. Jibu la karatasi kwake lilikuwa sawa na kutojibiwa.

"Nusu saa ya pili niachie mimi," Mama Pacha akasema.

Mkalimani akakataa. Nusu ya pili ndiyo yenye swali la mama, na alitaka mama aone jibu kwenye mikono ya mwanawe. Mama Pacha akamtazama kidogo, kisha akaenda kurekebisha taa ambayo haikuwa na ubaya wowote. Mkalimani akakumbuka sindano ya asubuhi. Watu wazima wawili kujishughulisha namna hiyo siku moja, mbona kuna jambo?

Zamu yake ilipofika, barabara zilikuwa bado hazijaisha. Alisimama kuuliza swali la nyongeza mbunge mmoja mnene, mcheshi, ambaye wenzake walimbandika jina la Kwa Ufupi, kwa sababu ndivyo alivyoanza kila mara, na hakuna aliyewahi kuuona ufupi wenyewe. Akaanza na barabara ya jimboni kwake. Akaingia kwenye babu yake, aliyeilima barabara hiyo kwa jembe. Akamsifu babu. Mkalimani akailima barabara kwa mikono, akamsifu babu asiyemjua, huku jicho likimkimbilia saa iliyo juu ya kamera.

Shetani alimpitia, haifai kuficha. Ndani ya ukumbi ule hakuna aliyejua lugha ya alama. Angeweza kumkata babu katikati na asijue mtu. Lakini hata hivyo isingesaidia kitu, kwani aliyekuwa akila muda ni mdomo wa Kwa Ufupi, wala si mikono yake. Basi akamfikisha babu wa watu mpaka kaburini kwa heshima zote, na akamchukia kidogo.

Maji yakapita. Maswali ya afya yakaanza, moja la dawa, moja la magari ya wagonjwa, na kila mara mtu alisimama kuongeza lake. Sauti ya Spika, ya mwanamke aliyewahi kuwa hakimu, ikasikika ikisema muda unayoyoma. Mkalimani alilisema hilo kwa mikono akihisi jasho mgongoni. Karatasi zikasikika zikipinduliwa.

"Tumalizie na la mwisho," Spika akasema. "Waulizaji wajizuie."

Mbunge wa kwao alikuwa kijana wa sauti ya kukwaruza, muhula wake wa kwanza. Aliliuliza swali kama lilivyoandikwa, na Nyusi akasimama kulijibu kama alivyoandikiwa. Serikali inatambua umuhimu wa jambo hili. Serikali inawathamini wananchi wote. Serikali inaendelea kulifanyia kazi.

Mkalimani akazungusha mikono. Alijua huko nyumbani mtu mmoja ameacha cherehani na anatazama kona ya televisheni, na kwamba amelijua jibu kabla halijafika mwisho. Aibu ilimshika, ingawa si yeye aliyelitunga. Angalau limejibiwa, akajiambia.

Kumbe kijana hakuwa amekaa. Aliomba swali la nyongeza, akapewa.

"Mheshimiwa Spika, aliyenituma ni mama mmoja mshonaji, hasikii. Tangu mwanawe akiwa mdogo, huyo mtoto ndiye anayemsemea kwa daktari. Mama huyu aliniambia maneno haya, nami nayasema kama alivyoyasema: Yako mambo ya mwili wangu ambayo sijawahi kumwambia daktari yeyote, kwa sababu siwezi kuyapitisha kwa mwanangu. Ninampenda, na ni mwanangu. Nataka kuugua kama mtu mzima. Namuuliza waziri, mama huyu angoje mpaka lini?"

Mkalimani humwacha msemaji atangulie kidogo, ndipo mikono ifuate. Kwa hiyo aliyasikia maneno kwanza, na alikuwa na nafasi fupi sana ya kuyajua kabla ya kuyasema. Akajigusa kifua: mwili wangu. Akatikisa kichwa: sijawahi. Akasema "siwezi," akasema "mwanangu," na uso wake ulibidi useme pia, maana katika lugha hiyo uso ni nusu ya maneno. Alimwambia mama yake, mbele ya nchi nzima, maneno ya mama yake mwenyewe, kwa "mimi," kama sheria inavyotaka. Hakukosea hata alama moja. Uchungu ulimwingia, na kando ya uchungu, bila haya, kiu ya kujua: mambo gani?

Nyusi alipekua jalada lake. Alipekua tena. Wasaidizi wake nyuma walimpitishia kikaratasi, akakisoma, akakiweka chini.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "kwa hilo la lini, sina jibu. Naomba nilete jibu kamili wiki ijayo."

Ukumbi ulivuma. Mkalimani akafungua viganja vyote viwili, vitupu: sina jibu. Miaka yote aliyosimama kwenye chumba kile hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa niaba ya waziri. Spika akaagiza jibu liletwe kama lilivyoahidiwa, kengele ikalia, na Mama Pacha akaingia kushika muswada wa mizani.

Walipokutana baadaye kwenye ngazi za nyuma, Mama Pacha alimpa maji kwanza.

"Ni wewe uliyempeleka mama kwa mbunge," mkalimani akasema.

"Nilitafsiri. Sikusikia kitu."

"Dada, ni mambo gani hayo?"

"Hakuyataja, mdogo wangu. Na angeyataja, ungeniuliza bure."

Mkalimani akakaa kwenye ngazi. Alikumbuka mara zote alizoingia na mama kwa daktari, kifua mbele, hodari, na mara zote mama alipoulizwa "kuna lingine?" akamtazama yeye kwanza, kisha akasema hakuna. Alidhani ni shukrani ile. Akanywa maji yote, kisha akamuuliza Mama Pacha kama Jumatatu yuko huru.

Nyumbani alimkuta mama kazini, mguu ukikanyaga cherehani. Hakuusimamisha. Kwa mkono mmoja alimwambia binti kwamba kola yake ilikaa upande mbele ya nchi nzima. Kisha akasema yule kijana si mbaya, na Nyusi leo amemfurahisha, kwani ni mara ya kwanza kumwona akisema ukweli.

Binti akasogeza kiti, akakaa mbele yake aonekane vizuri. "Mama, ni mambo gani?"

Mguu ukatulia. Mama alimtazama, na macho yake yalikuwa na huruma na utundu pamoja. Kisha akainua mikono yote miwili mbele ya tumbo, akaizungusha polepole, kwa adabu zote za serikali.

Walicheka mpaka mama akajipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Binti naye alijipangusa yake, na yeye hakuwa na hakika kama ni kicheko tu. Aliumia, na alimwelewa, yote kwa wakati mmoja. Akamwambia mama kwamba Jumatatu Mama Pacha atakuja kumchukua waende kwa daktari. Mama akauliza, na wewe? Binti akasema atakuja kusikiliza jina likiitwa, basi.

Jumatatu muuguzi alitokeza kichwa dirishani na kuita. Mkalimani akamgusa mama bega. Mama akasimama, akanyoosha gauni lake alilolishona mwenyewe, akaingia kwa daktari na Mama Pacha nyuma yake, na mlango ukafungwa.

Ila mlango wa daktari ulikuwa na kioo sehemu ya juu. Kutoka kwenye benchi mkalimani aliwaona wote watatu: daktari na kalamu yake, Mama Pacha amekaa pembeni, na mama, aliyevuta pumzi ndefu na kuinua mikono. Kwa mtu mwingine yeyote pale nje ingekuwa mikono tu. Kwake yeye lilikuwa neno la kwanza, na la pili lilikuwa njiani.

Akainuka haraka, akavuka ukumbi, akakaa benchi la upande wa pili, mgongo kwa kioo na uso ukutani. Kiu ya kujua ilimkaba kama kikohozi. Akayashika magoti yake kwa mikono miwili, akaanza kusoma tangazo la chanjo lililobandikwa pale, akalisoma tena.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi hilo alimwona hatulii, akamuuliza kama yupo na mgonjwa.

"Namsubiri mama," akasema. "Yuko ndani, anaongea na daktari."