Friza Iliyovishwa Kitambaa
Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kitu chochote chenye nailoni yake ya dukani kilikuwa kitukufu. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye maabara ndogo ya mifugo hapa Singida Mjini. Nina darasa la saba langu, na nilikuwa naota koti jeupe. Bado naota, msinicheke.

Tulikuwa na mtungi wa naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Haukutaka umeme; ukiongezwa naitrojeni kwa wakati, vitu vinabaki jiwe. Mkuu wetu akauonea aibu. Akaleta friza ya ng'ambo yenye kompresa mbili: ya kwanza inaipoza ya pili, ya pili inashusha baridi hadi nyuzi themanini chini ya sifuri. Joto la kompresa hizo linatokea kwenye wavu ulio chini.

Mashine nzuri, siisingizii. Lakini mkuu akakataza nailoni isitolewe, eti itachakaa. Mkewe naye akaifumia kitambaa cha maua, kikafika sakafuni, kama walivyovika redio na makochi yao. Wavu ukazibwa kwa heshima zote.

Mtungini mlikuwa na vipande vya mapafu ya mbuzi wa mama mmoja wa Kintinku. Mbuzi wake walikohoa wakafa, na bila majibu ya vipimo zizi lingekwisha. Vilisubiri gari la kuvipeleka Dodoma vikapimwe. Mkuu akavihamishia kwenye friza, wageni waone inafanya kazi.

"Bosi, mbona inahema hivi?"

"Ndiyo nguvu hiyo, binti. Ungesoma ungejua."

Jumatatu tukaikuta imezima, vipande vinanuka. Msomi wetu akakunja kitambaa taratibu, akasonya: "Vitu vya soko huria!"

Mama alipokuja nikamwamkia, nikashindwa kumtazama. Mkuu akamwambia mashine imetuangusha, alete vingine.

"Vya mbuzi yupi, bwana mifugo?"

"Yeyote anayeumwa, mama."

"Hao wapo. Ndio nilionao."

Alirudi na mapafu kwenye sufuria. Friza ilikwishatengenezwa, na kitambaa, kimefuliwa, kimerudishwa! Mkuu akanyoosha mkono afungue.

"Kwa huyo bibi harusi wenu, hapana, baba," mama akasema. "Weka kwenye hilo debe linalofuka."

Nikayatia humo, naye akaketi mbele ya mtungi. Nikamletea chai, akainywa bila kugeuza macho. Gari lilipokuja akapanda nyuma, akaukumbatia mtungi kwa mikono yote miwili, wala hakumuaga mkuu.