Viazi Vikuu Vyenye Nywele

Juzi sokoni Kariakoo niliona kiazi kikuu chenye vidole kama mguu wa mtu, nikakumbuka alasiri moja nikiwa mdogo.

Bibi aliniachia meza yake ya viazi vikuu sokoni humo akaenda kuswali. Vingine vilikuwa laini, virefu kama mkono wangu. Vingine vilikuwa na vinundu na nywele, vinanuka udongo mbichi. Nikadhani hivyo vya nywele vinaumwa. Nikavilaza chini ya meza, nikavifunika gunia.

Bibi aliporudi, Mama Nisha wa Upanga, mteja wake, alikuwa anasubiri. "Bibi, vile vya nywele leo hakuna? Sikukuu nitapika nini?"

"Si vilikuwa hapa!" Bibi akamgeukia jirani yake, muuza magimbi. "Baba Asha, umevipeleka wapi?"

"Mimi tena? Nikuibie viazi nami nina magimbi yote haya?"

Nilikuwa siongei mbele za watu, lakini nilimwonea huruma Baba Asha. "Bibi, nimevilaza. Vinaumwa."

Walicheka wote. Mama Nisha akakwaruza kimoja kwa ukucha, ndani zambarau tupu. "Mgonjwa huyu naondoka naye."

Juzi nami nilikikwaruza kile cha vidole. Zambarau! Aibu ya kuongea mbele za watu bado ninayo, lakini nilimwita muuzaji kwa sauti nikinunue.